Ukiiunda Mwenyewe, Itunze Mwenyewe

Mwanangu, nimesikia unataka kuunda kerneli yako ya Linux kutoka kwenye msimbo chanzo, na kwamba wenzako wamekuahidi kompyuta yako kuukuu itakimbia ukishamaliza. Nia yako naipenda. Hiyo ahadi ndiyo inayonitia shaka, na afadhali tuimalize mapema, maana anayeingia kwenye kazi ngumu kwa tamaa ya kitu kisichokuwepo hukata tamaa njiani kisha akailaumu kazi.

Kasi hutaiona. Miaka ya 1990 yalikuwa mambo mengine: kompyuta ilikuwa na kumbukumbu ya MB 4 au 8, na kerneli iliyobeba viendeshi usivyovihitaji ilizinyang'anya programu zako nafasi. Aliyeunda ya kwake akaacha nje kila asichokuwa nacho aliiona faida kwa macho. Leo kerneli inayokuja na distro kama Debian, Ubuntu au Fedora imegawanywa katika maelfu ya moduli, na moduli hulala diskini mpaka kifaa chake kichomekwe. Kiendeshi cha kadi ya mtandao usiyokuwa nayo hakikupunguzii kitu zaidi ya nafasi kidogo ya diski. Kama ni wepesi unaoutafuta, ongeza RAM au weka diski ya SSD. Matokeo utayaona siku hiyohiyo.

Sababu za kweli zipo. Umenunua kompyuta mpya na kiendeshi cha WiFi yake kimeingia kwenye toleo lililotoka juzi, wakati distro yako iko nyuma kwa mwaka. Unafukuzia hitilafu na unataka kujua imeanza na badiliko lipi. Una bodi ndogo ya kuendeshea mtambo, na unataka ndani yake pasiwe na kitu cha ziada. Mafundi wa sauti na wa mashine za viwandani kwa takriban miaka 20 walibandika kwa mkono viraka vya PREEMPT_RT ili kerneli iwajibu kwa wakati usioteleza. Mwaka 2024, katika toleo 6.12, kazi hiyo ikaingizwa kwenye kerneli kuu, na sasa ni swali moja tu la kujibu wakati wa kusanidi. Halafu ipo sababu ninayoipenda kuliko zote: kutaka kujua. Kijana aliyeunda kerneli hata mara moja, akakwama, akajikwamua, haiogopi tena skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Hilo peke yake linatosha kukutoa usingizini.

Lakini lishike neno hili kabla hatujagusa amri yoyote. Siku utakapoiwasha mashine kwa kerneli uliyoiunda, wewe ndiye umekuwa Debian wa mashine hiyo. Kila kilichokuwa kikifanywa na watu usiowajua, wakiwa macho wakati wewe umelala, kimekuangukia. Mengine yote nitakayokueleza yanatoka hapo.

Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, alipoitangaza kazi yake tarehe 25 Agosti 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, toleo la kwanza lililofuata mwezi Septemba lilikuwa na mistari ya msimbo kama 10,000. Mtu mwenye subira angeweza kuisoma yote. Leo mistari inazidi milioni 30, na zaidi ya nusu yake ni viendeshi vya vifaa. Hakuna aliyeisoma yote, Torvalds mwenyewe akiwemo. Kwa hiyo usijidharau unapokutana na jina usilolijua, na vilevile usimwamini anayejifanya anayajua yote. Linux ni ile ile iliyo ndani ya simu ya Android uliyoishika mkononi, na tangu 1992 leseni yake ya GPL inakupa haki ya kuupata msimbo huo, kuubadili na kuugawa. Haki hiyo wameitolea jasho watu wengi. Itumie kwa adabu.

Msimbo uchukue kernel.org, si kwenye tovuti ya mtu aliyeupakia upya kwa hisani yake. Hapo utakuta matoleo ya aina kadhaa. Lililoandikwa mainline ndilo linalopikwa, stable limeshatoka, longterm hutunzwa kwa miaka. Wewe anza na longterm, kama 6.6 au 6.12. Faili lililobanwa lina takriban MB 140, ambazo kwa bando la usiku si mzigo. Usikimbilie kunakili historia nzima kwa git siku ya kwanza, hizo ni gigabaiti kadhaa. Ukitaka git, ongeza --depth 1 upate hali ya sasa tu.

Ukishapakua, hakiki sahihi. Vijana wengi huiruka hatua hii, nami nitakaa hapa kidogo. Pamoja na faili la .tar.xz lipo faili dogo la .tar.sign. Sahihi hiyo imewekwa juu ya tar iliyokwisha kufunguliwa, si juu ya .xz, kwa hiyo unaandika xz -cd linux-6.12.tar.xz | gpg --verify linux-6.12.tar.sign - baada ya kuzipata funguo za Torvalds na za Greg Kroah-Hartman, anayesimamia matoleo ya stable. Ikijibu kwamba sahihi ni njema, endelea. Ikikataa, futa na upakue tena, wala usijiambie kwamba labda ni mtandao tu.

Utaniuliza, nani ataihangaikia kompyuta yangu? Agosti 2011 iligundulika kwamba wavamizi wameingia kwenye seva za kernel.org zenyewe, na tovuti ikafungwa kwa wiki kadhaa. Msimbo ulisalimika kwa sababu git huweka kwa kila badiliko alama inayotokana na yaliyomo, na nakala zilikuwa kwenye maelfu ya kompyuta za waendelezaji duniani. Aliyegusa mstari mmoja angeumbuka. Halafu Machi 2024 yakatokea makubwa zaidi, na yalitokea kwenye programu ya xz yenyewe, hiyo unayoitumia kufungua faili la kerneli. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amesaidia mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili, kwa upole na kwa bidii, mpaka akakabidhiwa mamlaka ya kutoa matoleo. Katika 5.6.0 na 5.6.1 akapenyeza mlango wa siri wa kuingilia seva kupitia SSH. Aliyeugundua ni Andres Freund, mwendelezaji wa PostgreSQL, aliyeona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akakataa kulipuuza.

Sahihi isingekuokoa hapo, maana aliyesaini ndiye aliyekuwa mwizi. Sahihi hukuambia ni nani aliyelitoa faili. Haikuambii moyo wake ukoje. Bado ihakiki, kwa kuwa inawafungia nje wezi wa kawaida, ambao ndio wengi. Na liko jambo jingine katika kisa hicho. Aliyeutunza mradi wa xz kabla ya hapo alikuwa mtu mmoja, anajitolea, amechoka, na yakawa yanamjia majina yasiyojulikana yakimsukuma na kumlaumu kwamba anachelewa, mpaka akaona bora amkaribishe msaidizi. Mwanangu, anayekuhudumia bure usimpigie kelele. Hujui ni nani mwingine anayesubiri achoke.

Haya, tuingie kazini. Kwenye Debian na Ubuntu utahitaji build-essential, bison, flex, bc, libncurses-dev, libssl-dev, libelf-dev na dwarves. Fungulia msimbo ndani ya saraka yako ya nyumbani, si /usr/src, na uunde ukiwa mtumiaji wa kawaida. Mamlaka ya sudo yasubiri hatua ya kusakinisha. Nimeona watu wakiandika sudo mbele ya kila amri utadhani ni bismillahi. Programu unayoiunda huendesha hati nyingi njiani. Hakuna haja ya kuzikabidhi mashine nzima. Na amri yoyote uliyoinakili mahali, iwe kwa rafiki au kwa roboti wa kujibu maswali, kama huwezi kueleza inafanya nini, usiipe sudo.

Sasa usanidi, ambao ndio utamu na ndio mtego. Ukiandika make menuconfig utafunguliwa menyu yenye maelfu ya maswali, na mengi yana majibu ya namna tatu: y, kitu kiwe ndani ya kerneli, m, kiwe moduli, n, kisiwepo. Usianze na karatasi tupu. Chukua usanidi wa kerneli inayofanya kazi sasa hivi, cp /boot/config-$(uname -r) .config, kisha make olddefconfig, ambayo hujibu maswali mapya kwa majibu ya kawaida. Baada ya hapo ndipo uingie menuconfig kubadili machache unayoyajua. Ukibonyeza alama ya kuuliza juu ya kipengele chochote utapata maelezo yake. Yasome. Jioni moja ya kusoma maelezo hayo itakufundisha jinsi kompyuta ilivyo kuliko video nyingi utakazozitazama.

Fanya mambo matatu humo kabla ya mengine. Kwanza LOCALVERSION: ipe kerneli yako jina, tuseme -jaribio1, ili uname -r ikuambie bila utata ni ipi inayoendesha mashine, na ili moduli zake zisikanyage za kerneli ya distro. Pili, zima taarifa za utatuzi, DEBUG_INFO, kama huna mpango wa kuzitumia. Zikiachwa, saraka ya kazi inaweza kuvimba kupita GB 20 na wewe ukabaki kujiuliza diski imekwenda wapi. Tatu, ukiwa umenakili usanidi wa Ubuntu au Debian, kipengele cha SYSTEM_TRUSTED_KEYS kinaelekeza kwenye faili la vyeti ambalo wewe hunalo, na uundaji utakufa ukilalamika kuhusu faili la .pem. Kifute kibaki kitupu, na mwenzake SYSTEM_REVOCATION_KEYS vilevile.

Utakutana pia na njia ya mkato iitwayo make localmodconfig. Inatazama moduli zilizopakiwa kwa sasa na kutupa nje zote zilizobaki, kwa hiyo kazi ya masaa inakuwa ya dakika. Ni chombo kizuri, ila ni kama fundi cherehani anayekupima ukiwa umekaa: ukisimama, kanzu ni fupi. Kifaa kisichochomekwa wakati huo hakihesabiwi. Sisi huku wengi tunapata intaneti kwa modemu ya USB au kwa waya wa simu. Usipoichomeka simu na kuwasha tethering kabla ya kuandika amri hiyo, moduli za rndis_host na cdc_ether hazitakuwemo, na za modemu kama option na qmi_wwan vilevile. Utawasha kerneli mpya, kila kitu safi, na huna mtandao wa kuulizia kwa nini. Flashi nayo: ichomeke, ifungue, ili vfat au exfat iingie, na hakikisha nls_cp437 na nls_iso8859_1 zimo. Vijana wengi wamelala na kilio kwamba flashi imekufa, kumbe kerneli imekosa jedwali la herufi tu. Chomeka printa, chomeka vipokea sauti vya USB, washa Bluetooth, fungua kamera. Ndipo uandike amri.

Kuunda kwenyewe ni make -j$(nproc), na hapo mashine inajitegemea. Kompyuta ya kisasa yenye viini vingi itamaliza kwa dakika kadhaa; mpakato wa zamani wenye viini viwili na usanidi mzima wa distro utakwenda masaa. Kama RAM ni GB 4, punguza namba baada ya -j, la sivyo itaanza kubadilishana kumbukumbu na diski na utadhani imeganda. Usiiweke juu ya godoro. Umeme ukikatika, usiandike make clean kwa hasira: make inatazama kilichokwisha kukamilika na inaendelea ilipoishia. Mara chache faili lililokuwa likiandikwa umeme ulipozimika hubaki bovu, nalo litajitaja kwenye kosa. Lifute hilo moja, uendelee.

Likitokea kosa, usisome mstari wa mwisho. Wa mwisho husema tu kwamba kazi imeshindikana. Panda juu utafute kosa la kwanza; na kwa kuwa kazi nyingi zinakwenda sambamba na maandishi yake yanachanganyikana, rudia kwa make -j1 V=1 ili uone amri kamili iliyoanguka. Mara nyingi ni kifurushi kimoja ulichosahau kukisakinisha.

Kusakinisha ni amri mbili: sudo make INSTALL_MOD_STRIP=1 modules_install, inayopeleka moduli /lib/modules, na sudo make install, inayoweka kerneli kwenye /boot. Hiyo STRIP usiiache, bila hiyo initramfs, yaani faili la viendeshi vya mwanzo wa kuwaka, inaweza kunenepa mpaka /boot ijae. Kwenye Debian na Ubuntu amri ya pili hutengeneza initramfs na kuijulisha GRUB, programu inayoiwasha kerneli. Kwenye distro nyingine huenda ukafanya hayo kwa mkono. Mimi nakushauri utumie make bindeb-pkg badala yake. Inakupa vifurushi vya .deb, unavisakinisha kwa dpkg, na siku ukitaka kuiondoa kerneli yako unaiondoa kama programu nyingine yoyote, bila kubaki na makombo. Kama Secure Boot imewashwa, GRUB itakataa ikilalamika juu ya bad shim signature, maana kerneli yako haijasainiwa na yeyote inayemtambua. Jifunze kuisaini kwa ufunguo wako na kuusajili kwa mokutil. Kuizima Secure Boot ni rahisi zaidi, lakini kwenye mashine inayotoka nje ya nyumba yako sipendi.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kerneli ya zamani usiifute. Nalisema kwa nguvu kwa sababu nimeona vijana hodari wakiifuta siku hiyohiyo, eti kupata nafasi. Iache, na ya kabla yake iache ikiwezekana, na ujue jinsi ya kuifikia menyu ya GRUB kabla hujaihitaji: shika Shift au Esc wakati mashine inawaka, ingia Advanced options. Fanya zoezi hilo kwanza, kerneli mpya ikiwa bado haipo.

Kerneli mpya ikiwashwa na skrini ikasimama na maneno Kernel panic, VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0), usihamaki. Inakuambia kwamba kerneli imeamka lakini haikuliona gawio la diski lenye mfumo wako. Ama initramfs haikutengenezwa, ama umeacha nje kiendeshi cha diski, NVMe au AHCI, ama umeacha nje mfumo wa faili wenyewe kama ext4 au btrfs. Washa ya zamani, rekebisha, unda tena. Mara ya pili ni haraka, kwa kuwa kinachoundwa upya ni kilichobadilika tu.

Seva iliyo mbali ni habari nyingine. Ukiwa Arusha na mashine iko kwenye kituo cha data Frankfurt, hakuna menyu utakayoishika. Weka GRUB_DEFAULT=saved, sasisha GRUB, kisha tumia grub-reboot ili kerneli mpya iwashwe mara moja tu; ikianguka, zamu inayofuata inarudi ya zamani. Iongezee kigezo panic=10, ili badala ya kuganda ijiwashe upya baada ya sekunde 10. Hiyo inatibu kuanguka. Haitibu kerneli iliyowaka vizuri bila kadi ya mtandao, ambayo itakaa hapo ikitabasamu peke yake. Kwa hiyo andaa pia kazi itakayoiwasha mashine upya baada ya dakika 15 tangu ilipowaka, ambayo utaifuta wewe mwenyewe ukishafanikiwa kuingia. Kama huelewi kwa nini yote matatu yanahitajika, bado hujafikia kugusa kerneli ya seva ya mbali.

Sasa nirudi kwenye lile neno la mwanzo. Mwaka 2016 lilifichuliwa pengo lililoitwa Dirty COW, lililomwezesha mtumiaji wa kawaida kujipandisha kuwa root. Lilikuwa limekaa ndani ya kerneli tangu 2007. Machi 2022 likaja Dirty Pipe, lililotangazwa na Max Kellermann. Yeye alianza na malalamiko ya mteja kuhusu faili za logi zilizoharibika, na baada ya miezi ya kulifuata jambo dogo akakuta mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuandika juu ya faili asizoruhusiwa, kuanzia toleo 5.8. Viraka vilitoka haraka. Waliotumia kerneli ya distro walivipata kwa apt upgrade ya kawaida. Aliyekuwa na kerneli yake mwenyewe hakupata kitu. Apt ilimwambia kila kitu kimesasishwa, na ilisema kweli kwa upande wake, maana kerneli ile haimo katika daftari lake.

Matoleo ya stable hutoka karibu kila wiki. Tangu Februari 2024 timu ya kerneli yenyewe ndiyo inayotoa namba za CVE kwa mapengo yake, na namba hizo huja kwa makumi. Mengi hayakuhusu, yako kwenye viendeshi usivyonavyo. Kujua yapi yanakuhusu ndiyo kazi uliyojitwika. Kila toleo jipya la mfululizo wako, chukua .config ile ile, make oldconfig, unda, sakinisha, washa upya.

Nimewahi kuikuta ofisi moja, jina naliacha, ambako kijana mwenye akili sana aliunda kerneli ya seva yao kwa ufundi wa kupendeza, kisha akapata kazi kwingine akaondoka. Hakuacha .config, hakuacha maandishi. Kerneli haikuwa na IKCONFIG, kwa hiyo hata /proc/config.gz ya kusomea ilivyosanidiwa haikuwepo. Waliobaki waliogopa kuizima na waliogopa kuisasisha, na ikaendelea hivyo, imejaa matundu, ikihudumia watu wasiojua. Wewe washa IKCONFIG na IKCONFIG_PROC. Weka .config kwenye git pamoja na ukurasa mmoja unaoeleza umebadili nini na kwa nini. Uandike kwa ajili ya mtu usiyemjua, atakayeusoma akiwa na wasiwasi.

Ukikwama ukahitaji msaada, kwanza soma dmesg mwenyewe. Kisha mpelekee unayemwuliza uname -a, .config na maandishi kamili ya kosa, si picha ya skrini iliyotikisika. Ukigundua kitu kilifanya kazi toleo lililopita na sasa hakifanyi, git bisect itakusaidia kumkamata mhalifu: hata kama kati ya matoleo mawili kuna mabadiliko 15,000, inagawa nusu kwa nusu, na majaribio kama 14 yanakufikisha kwenye lile moja. Taarifa ya namna hiyo hupokelewa kwa heshima na waendelezaji, iwe imetoka kwa profesa au kwa mwanafunzi wa Dodoma. Na ukiona katika maandiko ya zamani jinsi Torvalds alivyokuwa akiwatukana watu, usiige. Yeye mwenyewe Septemba 2018 aliomba radhi hadharani na akakaa pembeni kwa muda.

Basi, kama unasimamia mashine ya watu na huna nafasi kila wiki ya kufuata matoleo, tumia kerneli ya distro, wala usione aibu. Kama una kompyuta yako ambayo ikikataa kuwaka hakuna atakayekosa mshahara wala dawa, chomeka simu na modemu, pakua longterm usiku wa leo, na uhakiki sahihi kabla hujaifungua.